Eti Ulaya Mnatibiwa Bure? Najibu Nikiwa Kibirizi

Mwakeye, wana Kigoma! Wa Ujiji, wa Kasulu, wa Kibondo, wa Buhigwe, mwakeye wote. Leo sipo kwenye kile chumba chenye pazia la bluu mlichokizoea. Niko Kibirizi, maboti hayo nyuma yangu, na mkisikia injini inakohoa mnivumilie, wanapakia mizigo ya kwenda vijiji vya kaskazini. Nimekuja likizo ya wiki tatu kutoka England kumwona mama.

Sikutaka kurekodi. Mke wangu kanionya, "Kapumzike, hiyo kamera iache." Lakini tangu niseme kwenye video ya Machi kwamba nasubiri upasuaji, swali ni lile lile kila siku: "Kaka, huko si matibabu ni bure? Sasa unasubiri nini?" Na mwingine: "Mchukue mama akatibiwe huko, acha ubahili." Huyo wa ubahili nimemsoma mara nne.

Haya, najibu. Nikisema pazuri mtasema najidai, nikisema pabaya mtasema "basi rudi, nani kakushika?" Yote mawili nimeshaambiwa, tena siku moja, kwenye video moja iliyohusu friji. Kwa hiyo lolote nitakalosema ni langu mimi, fundi wa malori, si daktari wala msemaji wa serikali yoyote. Naishi mji mmoja wa katikati ya England. Jina siutaji, kwa sababu nikiutaja hospitali itajulikana, na faili langu bado wanalo.

Tuanze na hilo neno bure.

Shirika lao la afya, NHS, lilianzishwa Julai 1948 kwa wazo kwamba mtu akiugua asiulizwe pesa mlangoni. Na kweli, mlangoni hawakuulizi. Wanakuuliza kabla hujapanda ndege. Kuna ada ya afya ya wahamiaji, inalipwa pamoja na maombi ya viza, na tangu Februari 2024 ni pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima na 776 kwa mtoto. Wala hulipi mwaka kwa mwaka, unalipa miaka yote ya viza kwa mkupuo. Mimi, mke wangu na mtoto mmoja, miaka mitatu: pauni 8,538. Geuzeni wenyewe kwa shilingi, ni zaidi ya milioni 27. Nilikopa. Wanaokuja kwa viza ya kazi za afya wamesamehewa, sisi wa spana hatukusamehewa. Na mwisho wa mwezi kodi inakatwa kwenye mshahara kama ya Mwingereza mwenzangu wa gereji, kodi ile ile inayoendesha hospitali ile ile. Nimelipa mlango wa mbele na mlango wa nyuma, halafu mtu ananiandikia "mnatibiwa bure".

Dawa nayo. Ukiandikiwa dawa England, kama hupo kwenye makundi ya msamaha, unalipa pauni 9.90 kwa kila aina. Aina moja hiyo ni kama ile 30,000 ya kadi ya CHF iliyoboreshwa, bima ya afya ya jamii tuliyoizoea, kaya ya watu 6 mwaka mzima. Ila kuna hili pia, nisiwe mchoyo wa ukweli: hata dawa iwe ya laki nane, bei ni hiyo hiyo 9.90, na sijawahi kuambiwa "haipo, kanunue duka la nje".

Sasa kusubiri. Novemba iliyopita nilishikwa na tumbo upande wa kulia, chini ya mbavu, nikajikunja kama samaki anayekaushwa. Nikaenda kitengo cha dharura. Niliingia saa 4 na dakika 20 usiku. Dakika nazijua kwa sababu waliziandika, mnikumbushe hilo, nitalirudia. Muuguzi wa Kihindi akanipima presha, akaniuliza maumivu ni ngapi, moja hadi kumi. Mwanaume wa Ujiji huyo, nikajikaza, nikasema sita. Jirani yangu akasema kumi, akaitwa kabla yangu. Labda aliumwa kweli. Mimi siku hiyo nilijifunza kuhesabu.

Ukutani kuna televisheni imeandikwa muda wa kumsubiri daktari: saa 7 na nusu. Watu wanaitazama kama wanavyotazama matokeo ya mpira. Viti vya chuma vimefungwa sakafuni huwezi hata kuvisogeza ulaze mguu. Kwenye korido, mzee yuko juu ya machela, blanketi hadi kidevuni, binti yake kashika mkate haujaumwa hata mara moja. Walikuwa hapo tangu mchana. Binti akauliza kitanda kitapatikana lini, muuguzi akamwambia vitanda vimekaliwa na watu waliokwisha kupona lakini hawana wa kuwatunza nyumbani, na halmashauri bado haijawapatia mhudumu. Nilidhani nimesikia vibaya. Huku kwetu mzee akiambiwa ruhusa imetoka, wajukuu wanne wanagombania mkoba wake. Kule mzee mmoja akikosa mtu wa kumpikia uji, mwingine analala korido.

Daktari, Mnigeria, nilimwona saa 12 kasoro robo asubuhi. Amechoka kuliko mimi. Akasema ni mawe kwenye kifuko cha nyongo, si ya kufa leo, utapangiwa upasuaji.

Lengo lao ni kwamba watu 95 katika kila 100 wanaofika dharura wawe wamehudumiwa ndani ya saa 4. Kitaifa hawajalifikia tangu 2015. Upasuaji wa kupangiwa kama wangu lengo ni wiki 18, nalo limewashinda tangu 2016. Septemba 2023 foleni ya matibabu ilifika milioni 7.7. Watu wenyewe ni milioni 6 na kitu, maana wengine wanasubiri vitu viwili. Mkoa wetu wa Kigoma kwenye sensa ya 2022 tulikuwa milioni 2.47. Kwa hiyo chukua Kigoma nzima, kuanzia Kakonko hadi mpakani mwa Uvinza, wapange mstari. Ukifika mwisho, anza tena. Ukifika mwisho, anza tena.

Sasa sikilizeni kilichonipata, maana hapa ndipo damu yangu inapochemka. Januari nikapangiwa kumwona daktari wa upasuaji. Barua ikaja kwa posta. Barua ilifika Jumatano, miadi ilikuwa Jumatatu. Jumatatu ile iliyopita! Nikapiga simu, nambari ya 23 kwenye foleni, muziki wa kinanda sikioni dakika 50 nikiwa chini ya lori. Dada akaniambia kwa adabu sana, "Mfumo unaonyesha hukuhudhuria." Nikamwambia barua imefika leo. Akasema anaelewa, lakini asiyehudhuria anarudishwa kwa daktari wa mtaa aandikiwe rufaa upya. Na daktari wa mtaa unampata kwa kupiga simu saa 2 kamili asubuhi pamoja na mtaa mzima, saa 2 na dakika 10 nafasi zimekwisha. Wiki zangu zikaanza kuhesabiwa upya kutoka sifuri. Ndiyo maana mpaka leo mawe ninayo, nimekuja nayo Kigoma, na migebuka ya kukaanga kwa mawese ya mama naitazama tu kwa macho.

Kwa hiyo mtu akiniambia "huko mbinguni" namcheka. Lakini juzi nikampeleka mama kliniki ya presha. Hospitali ya serikali, siitaji vilevile, haki ni haki. Tulifika saa 12 na robo, benchi limejaa. Mama ana miaka 71, kuna dirisha la wazee, limeandikwa vizuri kabisa kwa rangi, na limefungwa. Tukapanga foleni ya wote. Faili likatafutwa, halikuonekana, likafunguliwa jipya, kwa hiyo historia yake ya miaka sita ikabaki kwenye kumbukumbu ya mama mwenyewe, na mama anakumbuka zaidi nani hakumsalimia siku ile kuliko vidonge. Daktari alianza kuita saa 4. Muuguzi alikuwa mmoja, anapima presha, anaandika, anajibu simu, anamwelekeza mtu chooni. Sikumwona amekaa. Damu ikachukuliwa, majibu Alhamisi. Vidonge kati ya aina tatu tukapata moja. Tukatoka saa 8 mchana.

Saa 7 na dakika 45 zimekwisha. Nimezihesabu. Kule usiku ule, mpaka namwona daktari, zilikuwa saa 7 na dakika 25. Mnaona? Nimesafiri nusu ya dunia kuokoa dakika 20.

Tofauti niliyoiona mimi, na mnaweza kunibishia, haipo kwenye kusubiri. Kule muda wangu wa kufika uliandikwa. Ule wa mama haukuandikwa popote. Kule zile saa zangu 7 zinaingia kwenye hesabu ya hospitali, hesabu inatolewa hadharani kila mwezi, na waziri anasimama bungeni anasomewa. Mwaka 2024 serikali mpya ilipoingia, waziri wao wa afya, Wes Streeting, alimpa daktari mmoja bingwa, Lord Darzi, kazi ya kulichunguza shirika lote. Septemba akarudi na ripoti inayosema liko kwenye hali mbaya sana: majengo yamechakaa kwa sababu pesa za ukarabati zilikuwa zinahamishiwa matumizi ya kila siku, wafanyakazi wamevunjika moyo. Serikali ikaitoa ripoti hiyo ikiwa na aibu zake zote. Ni kweli, aibu nyingi ilikuwa ya waliowatangulia, siasa ni siasa.

Kwetu kuna CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, kila mwaka anakagua na ripoti inakwenda kwa Rais na bungeni, na dawa zilizokwisha muda humo mnazisoma. Pesa zinahesabiwa. Lakini yule mama wa Gungu aliyekuwa mbele yetu na mtoto mgongoni tangu alfajiri, saa zake nani anazikagua? Viongozi wa Afrika waliahidi Abuja mwaka 2001 kwamba asilimia 15 ya bajeti itakwenda afya. Asilimia tunazijua. Dakika hatuzijui.

Ngoja, hii boti inaondoka, nisogee... Haya.

Suala la kumchukua mama. Huyu wa ubahili asikilize vizuri. Mgeni aliyekuja kutembea England akitibiwa hospitali anatozwa asilimia 150 ya bei yao. Kitengo cha dharura chenyewe hakitozi, ila ukilazwa tu, bili inaanza. Ukiacha deni la pauni 500 au zaidi kwa miezi miwili, viza yako ya baadaye inaweza kukataliwa. Nimemwona ndugu mmoja amemleta baba yake "kutembea", mzee akaanguka bafuni. Mzee alipona. Bili bado wanailipa kwa mafungu, na hawasemezani na yule aliyetoa wazo. Mimi nimeamua pesa ya tiketi niiweke kwenye dawa na vipimo vyake hapa hapa. Wewe wako unawajua mwenyewe, hali zetu hazifanani.

Na ninyi wauguzi mnaoniuliza kazi. Ni kweli kule walikuwa na nafasi wazi zaidi ya 100,000, na karibu mfanyakazi mmoja kati ya watano wa NHS England si raia wa Uingereza. Lakini Tanzania ipo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani, WHO, ya 2023 ya nchi zenye upungufu mkubwa wa wahudumu, na waajiri wa Uingereza hawaruhusiwi kuja huku kuwakusanya. Wewe mwenyewe unaweza kuomba moja kwa moja, hilo halijakatazwa. Ila wakala anayekuita hotelini Mwanga na kukuomba milioni tatu za "nafasi" za hospitali ya Uingereza, muulize anaajiri kwa ruhusa ya nani. Na sisemi usiende. Nikisema usiende mtaniambia nimefunga mlango baada ya kuingia. Nilipomtazama yule muuguzi mmoja wa juzi nilitamani asiende, halafu nikakumbuka mimi mwenyewe niliondoka.

Betri asilimia 9. Mama kanitumia ujumbe, ugali wa muhogo uko mezani, na mimi kanitengea dagaa wa kuchemsha bila mafuta, mchuzi wa hospitali anauita.

Alhamisi tunarudi kuchukua majibu. Amesema tutoke saa 11 alfajiri. Nimenunua daftari la mia tano pale sokoni, nitaandika tulipofika, tulipoitwa na tulipotoka. Walio jirani na sisi kwenye benchi nitawaomba wanitajie zao. Nikiambiwa nifunge daftari, nitalifunga, sitaki mama anyimwe vidonge kwa ajili ya video yangu.