Kabla Hujakodi Ukumbi

Mwenyekiti, asante. Wakubwa shikamooni, wadogo zangu hamjambo. Nimeombwa nizungumze juu ya mwandishi anayejichapishia mwenyewe: achape vipi, hela aipate wapi, kitabu akitangaze vipi. Mambo matatu, dakika arobaini. Wanaonifahamu wanajua nitakwama kwenye hela, na kwenye hela nitakwama kwenye keki, kwa hiyo tuanzie hukohuko.

Simu ninazopigiwa na waandishi wapya zinafanana. Mtu ameandika mswada usiku baada ya kazi, ameumaliza, ana akiba kidogo, amekopa kwenye kikoba, na kaka yake wa Mwanza kamtumia chochote. Ana milioni kadhaa mkononi. Swali lake la kwanza: "Mzee, unaweza kuniunganisha na mheshimiwa fulani awe mgeni rasmi kwenye uzinduzi wa kitabu changu?" Namuuliza, nani amekuhariria? "Nimepitia mwenyewe, halafu shemeji yangu ni mwalimu wa Kiswahili." Basi. Ukumbi umetengewa bajeti, mhariri kaachiwa shemeji.

Na uzinduzi wenyewe mnaujua. Viti vimevalishwa vitambaa, vimefungwa riboni. MC analipwa kuliko aliyechora jalada. Keki imetengenezwa kwa umbo la kitabu kilichofunguliwa, kurasa mbili nyeupe za krimu, na maandishi ya rangi ya chokoleti. Niliwahi kuhudhuria mmoja ambapo jina la mwandishi liliandikwa vizuri kabisa kwenye keki, na kwenye mgongo wa kitabu lilikosewa. Mpishi wa keki alisoma prufu, ile nakala ya kusahihisha. Mchapaji hakuletewa mtu wa kusoma prufu.

Kisha unafika ule wakati wa kununua nakala ya kwanza. Mgeni rasmi laki tano, makofi. Anayefuata "naahidi laki mbili". Mwingine laki. MC anaandika majina, mwandishi analia kwa furaha, mama yake anapiga vigelegele. Kwa muda mrefu baada ya hapo mwandishi huyo haandiki kitabu. Anaandika meseji. "Shikamoo mheshimiwa, nakukumbusha ile ahadi." Tiki mbili za bluu, kimya. Ndugu zangu, mtu aliyeahidi laki mbili mbele ya kipaza sauti ameshapata alichokijia. Msimdai, mtajichosha.

Najua kuna anayesema moyoni, lakini mzee, uzinduzi unatangaza kitabu. Unakitangaza kwa nani? Ukumbini wamekaa shangazi zako, kwaya, watu wa ofisini na majirani. Hao wangenunua kwa meseji moja. Waandishi wa habari wamekuja, mmewapa nauli, na kesho yake habari ni kile mheshimiwa alichosema kuhusu barabara, kitabu chako kimetajwa kwenye sentensi ya mwisho. Sipingi sherehe. Mtu aliyejifungua acha achezewe ngoma. Ninachosema ni kwamba hela ya ngoma isitoke kwenye hela ya kitabu.

Tupige hesabu. Chukueni kalamu, na asiye na kalamu kwenye mkutano wa waandishi nisimwone.

Tuseme kitabu kina kurasa 160. Mhariri, pamoja na msanifu wa kurasa na jalada, milioni moja. Mchapaji anakupa bei mbili: nakala 1,000 kwa mashine kubwa ile ya pleti, kila moja 4,000, au nakala 200 kwa mashine ya dijitali, kila moja 6,000. Hapa ndipo watu wanaponasa. "Elfu nne ni nafuu!" Haya, nakala 1,000 ni milioni nne, ongeza ile moja, tano. Kila nakala imekugharimu 5,000 kabla haijatoka getini. Unauza 10,000. Duka linakata asilimia 35, umebaki na 6,500. Bahasha, bodaboda, mzigo wa basi, toa 500. Umebaki na 6,000. Faida ni shilingi 1,000 kwa nakala, na hiyo ni endapo zote 1,000 zitatoka. Zikitoka 500, umeingiza milioni tatu na ulitoa tano. Milioni mbili zimelala uvunguni kwenye maboksi, na masika yanakuja. Hapo ukumbi sijauhesabu.

Sasa zile 200 za bei mbaya. Ni milioni moja na laki mbili. Unaziuza mwenyewe, mkononi, kwa 12,000, bila duka, na nauli ya mzigo analipa mnunuzi. Watu 100 wakikulipa kabla mashine haijawashwa, wameshalipia uchapaji wote. Mia zinazobaki zinamlipa mhariri na msanifu, na unabaki na laki mbili. Naona mnacheka laki mbili. Chekeni. Lakini mtu huyu hadaiwi, hana boksi uvunguni, na ana daftari lenye majina ya watu na namba zao za simu. Akirudia chapa, mhariri halipwi tena, jalada lipo, na kila nakala inamwachia 6,000. Daftari hilo ndilo ninalolipigia kelele tangu vijana wengi humu mko sekondari. Kabla ya kuchapa, mjue mnunuzi kwa jina.

Wala si jambo nililolibuni mimi. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza 1991, uliendeshwa kwa mantiki hiyo: mchapishaji akichapa nakala 5,000 za kitabu kilichokubaliwa, mradi unanunua 3,000 na kuzipeleka shuleni. Mchapishaji alijua mnunuzi yuko wapi kabla ya kununua karatasi. Vitabu vya watoto vikatoka kwa sababu hiyo. Wafadhili walikuwa wa nje, kweli, na mimi na nyie hatuna mfadhili wa nakala 3,000. Lakini wa nakala 100 tunao: jamaa, wanafunzi tuliosoma nao, watu wa kundi la wasap wanaotusoma bure kila siku.

Halafu kuna mwenzangu ataniambia kwamba mwandishi si machinga. Kazi yake ni kuandika, mambo ya kuuza wafanye wengine. Wengine gani? Aristablus Elvis Musiba, aliyemuumba Willy Gamba, yule jasusi wa riwaya zake, alikuwa mfanyabiashara hasa, akaja kuwa mwenyekiti wa TCCIA, ile chemba ya wafanyabiashara, wenye viwanda na wakulima, na vitabu vyake kadhaa vilitoka kwenye kampuni yake mwenyewe, Continental Publishers. Ben Mtobwa, mwandishi wa riwaya, alianzisha kampuni ya kuchapisha vitabu, Heko. Kajubi Mukajanga, ambaye wengi mnamjua kwa kazi yake ya Baraza la Habari, naye alikuwa na yake, Grand Arts Promotions. Hawa hawakuona aibu ya kubeba mzigo. Eric Shigongo aliweka hadithi zake kwenye magazeti yake, msomaji akanunua gazeti wiki hii ili ajue yule binti aliyetekwa wiki iliyopita amefia wapi. Unaweza usipende namna anavyoandika, ni haki yako. Lakini alijua wasomaji wake walipo, na gazeti liliwafikia hadi Tunduma.

Na msinipe ile ya "Watanzania hawasomi". Nimeichoka. Wanaoisema ni watu wenye maboksi uvunguni. Ingieni kwenye makundi ya hadithi ya wasap na Facebook muone. Kijana anaweka sehemu ya kwanza hadi ya kumi bure, ya kumi na moja inaishia mlangoni, mume amerudi ghafla. Chini yake watu wanamtukana: "Admin leta muendelezo, tunalala saa ngapi?" Yeye anajibu kwamba hadithi nzima ni shilingi 1,000, namba hii hapa, jina litatokea fulani. Wanatuma. Saa sita usiku wanatuma. Maprofesa wangu wananiambia hizo si fasihi. Labda. Lakini anayetuma 1,000 saa sita usiku ili asome ni msomaji, na kijana yule ana daftari la namba za simu ambalo mwandishi mwenye shahada tatu hana.

Wasiwasi wangu kwa vijana hao ni mwingine: hawahariri, na faili likishatoka linasambazwa bure. Mtu ananunua kwa 1,000 na kulimwaga kwenye kundi la watu mia mbili. Dawa kamili ya hilo sijaiona. Wapo wanaoandika jina na namba ya mnunuzi kwenye kila ukurasa wa faili lake, ili likivuja ijulikane limevuja kwa nani. Inapunguza. Aibu ni polisi mzuri.

Turudi kwenye kuchangisha, maana kuna mtu kaniandikia kikaratasi hapa: "Watu hawatakubali kulipia kitu ambacho hawajakiona." Ndugu yangu, wewe ni Mtanzania kweli? Sisi tunalipia harusi ya mtu tusiyemjua, miezi minne kabla, kwa sababu tumeingizwa kwenye kundi asubuhi bila kuulizwa. Kila usiku mweka hazina anabandika orodha: mjomba kaahidi 200,000 katoa 50,000, mama mdogo kamaliza, fulani bado. Watu wanalipa kwa kuiona orodha. Mbinu hiyo iko mikononi mwetu, tunaitumia kwa pilau tu.

Fanya hivi. Fungua kundi, waombe watu ridhaa kabla ya kuwaingiza, tuma sura ya kwanza iliyohaririwa vizuri na picha ya jalada. Taja bei, taja tarehe ya kitabu kutoka, weka lipa namba. Usipokee ahadi, pokea malipo. Anayelipa leo jina lake litachapwa ukurasa wa mwisho. Msiidharau hiyo, mtu atanunua nakala tano kwa sababu jina la marehemu baba yake limo. Na hela hiyo ikae mbali na hela yako. Januari ya ada ikikukuta na milioni ya wasomaji kwenye simu, utajaribiwa. Kitabu kisipofikisha idadi ya watu uliowahitaji, wote warudishiwe, na kundi lilione hilo. Mkiwala watu mara moja, mmeharibia na wenzenu watakaofuata.

Kikitoka, kifunge vizuri, andika jina na simu ya mpokeaji kwa kalamu nene pande mbili, peleka Mbezi, stendi ya Magufuli, kwenye ofisi ya vifurushi ya basi linalokwenda kwake. Piga picha risiti, mtumie. Kesho anakipokea Songea. Mtumie tena meseji baada ya wiki mbili, muulize amefika ukurasa wa ngapi. Wengi hawafanyi hili, na ndilo tangazo pekee ninaloliamini. Akijibu kwa maneno mazuri, muombe ruhusa uyabandike.

Maduka. Hapa nitapandisha presha, nivumilieni. Duka linachukua kwa mali kauli: acha nakala, zikiuzwa tutakulipa. Duka moja, silitaji, niliwaachia vitabu. Nikirudi, "njoo mwisho wa mwezi". Mwisho wa mwezi, "mhasibu katoka". Baadaye meneja akabadilishwa, na huyu mpya akaniambia kwa upole kabisa kwamba hakuna kumbukumbu, huku kitabu changu kikiwa nyuma ya kichwa chake rafuni, kimoja, kimegeuzwa juu chini. Sisemi msiwape. Wapo waaminifu, na duka zuri ni baraka. Acheni nakala kumi, si mia. Hati ya makabidhiano isainiwe, iwe na mhuri, tarehe na jina la aliyepokea. Kumi zikilipwa, peleka kumi nyingine. Wasipolipa kumi umepoteza kumi.

Na nakala za bure. "Mwandishi, zawadi yangu iko wapi?" Mtu huyohuyo hajawahi kumwomba muuza nyama nusu kilo ya zawadi. Toa kwa maktaba, toa kwa anayeandika uchambuzi, toa kwa mama yako. Wengine wapewe lipa namba.

Mwenyekiti ananionyesha vidole vitano. Kwa haraka basi. ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, mnaipata Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Msinunue kwa madalali wa mtandaoni, na mkishachapa pelekeni nakala zinazotakiwa kisheria, msikae mkasubiri kutafutwa. Hakimiliki: kwa sheria ya 1999, haki ni yako tangu ulipoandika. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunakupa ushahidi siku ya ugomvi, kwa hiyo sajilini. Shule: kitabu cha kiada sahauni, hicho ni cha Taasisi ya Elimu. Cha ziada kinahitaji ithibati, yaani kibali kwamba kinafaa shuleni, na msichape nakala 5,000 kwa sababu kuna afisa amewaambia "itapita tu". Ithibati kwanza.

Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu: mshindi wa kwanza anapata milioni kumi na mswada wake unachapwa na kupelekwa shuleni. Pelekeni, lakini miswada yenu iwe imesomwa na mtu asiye shemeji. Safal-Cornell, tuzo ya fasihi ya Kiswahili, nayo vilevile, someni masharti yao wenyewe, msiulizane kwenye makundi.

Vitabu vya kusikiliza nilikuwa navyo kwenye karatasi hapa, sitavifikia. Vilevile Kenya na ile VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16 waliyowekewa kwenye vitabu mwaka 2013, anayetaka kuuza ng'ambo ya Namanga anione pembeni kwanza kabla hajapanga bei.

Haya, maswali. Tuanze na yule dada wa nyuma, ameshika mkono juu tangu nilipotaja keki, nadhani ameshalipia.