Ukishaajiri hata mmoja: WCF na NSSF kwa wenye karakana ndogo

Shikamooni wakubwa, na wengine mambo vipi. Nimeombwa niongee na nyie wenye karakana na gereji kuhusu fidia ya ajali kazini na fao la kukosa ajira, na najua nusu yenu mmeshasema moyoni hayo ni ya makampuni makubwa, sisi tuko watatu na dogo mmoja wa kushika grainda. Sasa hapo ndo pa kuanzia. SDL, ile tozo ya ufundi stadi, ndo inakusubiri ufikishe wafanyakazi kumi. WCF, yani mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, na NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, haziwasubiri kumi, ukiwa na mmoja tu unayemlipa mshahara ushaingia.

WCF kwanza manake hii watu wanaiogopa bure. Sheria ni ya 2008, mfuko wenyewe ukaanza kazi 2015, na kabla ya hapo tulikuwa na sheria ya tangu ukoloni, mtu akipata ulemavu wa kudumu fidia ya juu kabisa ilikuwa shilingi 108,000. Laki na elfu nane, na mkono umeshaenda! Sekta binafsi tulianza kwa kuchangia asilimia 1 ya mishahara, 2021 ikashuka kuwa 0.6, 2022 ikawa 0.5. Piga hesabu, una vijana wanne, kila mmoja laki tatu, jumla milioni moja na laki mbili, nusu asilimia yake ni elfu sita. Elfu sita kwa mwezi, wote wanne, diski za grainda tu zinakula zaidi ya hapo. Na hiyo unatoa wewe, mfanyakazi hakatwi hata mia, wapo wanaoandika kabisa makato ya WCF kwenye karatasi ya mshahara, hilo ni kosa.

Dogo akiumia, mfuko unabeba matibabu, akilala nyumbani analipwa asilimia 70 ya mshahara mpaka miezi 24, akifariki kuna mazishi na pensheni ya wategemezi, na wala hahitaji kuthibitisha kwamba mzembe ulikuwa wewe.

Kinachowaponza ni siku saba. Ajali ikitokea unatakiwa uwataarifu ndani ya siku saba tangu ujue, ila sisi tunavyofanya si mnajua, tunamkimbiza zahanati ya jirani, tunalipa keshi, tunampa na hela ya supu tunasema tumalizane kiundugu, wiki tatu baadae kidole kimeoza ndo simu zinaanza, oya mhasibu tunafanyaje. Taarifa haikuongezei mchango, ni fomu tu. Na kijana wako wa boda akigongwa akipeleka mzigo wa ofisi, hakikisha PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, imepatikana mapema.

Haya NSSF. Asilimia 20 mnaijua, kumi yako na kumi yake, hapo sikai sana. Ninachotaka mkisikie ni fao la kukosa ajira lililokuja na mabadiliko ya 2018. Mtu aliyechangia angalau miezi 18, yuko chini ya miaka 55, akipoteza kazi analipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita, yani yule wa laki tatu anapata laki moja kasoro kidogo kila mwezi huku anatafuta kazi. Lakini sharti moja, awe hajaacha kazi mwenyewe. Sasa nyie biashara ikiyumba mnamwambia kijana andika barua ya kuacha tuachane vizuri, mnaona mmekwepa maneno ya CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, kumbe hiyo barua ndo imemnyima fao lake! Michango umetoa wewe miaka yote halafu siku anaihitaji umeifunga kwa karatasi moja. Kama umempunguza, andika umempunguza, weka sababu, tarehe na sahihi. Na kama ulimkata kumi yake hukupeleka, huyo ndo hata barua nzuri haimsaidii, na mimi huyo mwajiri siwezi kumtetea popote.

Wa Zanzibar mliopo humu, nyie mna ZSSF na taratibu zenu, msibebe hesabu zangu.

Mama pale mbele ameuliza mtoto wa dada yake anayemsaidia dukani, anampa hela kila mwisho wa mwezi, naye ni mfanyakazi? Mama, anafungua saa ngapi? Saa moja. Nani anampangia kazi? Wewe. Hela ni ileile kila mwezi? Ndiyo. Basi huyo umemuajiri, udugu wenu uko palepale na mkataba wa mdomo nao ni mkataba. Muulize kama ana namba ya NIDA, NSSF wataitaka, halafu WCF unajisajili mtandaoni wewe kama mwajiri, unatoa kontroo namba, unalipa kwa simu. Aliyenyoosha mkono nyuma, karibu kaka.