Hoteli Zimefungwa Roma? Na Mimi Nilidanganya? Leo Nawajibu

Habari zenu wapendwa, karibuni tena. Leo sijapaka kitu usoni, msinianze. Nimetoka kazini na nimekaa kitandani, kwa sababu sebule ya nyumba hii ni chumba cha watu wawili wengine. Mkisikia mtu anakohoa, si mimi, ni ukuta.

Video hii sikutaka kuifanya. Lakini tangu Novemba komenti ni ile ile, kuhusu Marriott, kampuni kubwa ya hoteli ya Marekani, mwabadilisha maneno tu. "Dada, twasikia Marriott imefunga Roma, wewe bado wafanya kazi?" Mwingine: "Ulaya hoteli zinafungwa, mlituringia bure." Halafu yuko mmoja, huyu namjua, ni wa Malindi, mtaa mmoja na sisi, ameandika: "Si ulisema wafanya kazi Marriott? Mbona sasa kimya?" Watu 60 wamemcheka chini yake. Sitini! Ile video yangu ya kueleza jinsi ya kujaza fomu za posta haikupata komenti hata 10.

Haya, tuanze na mimi, maana najua ndiko mnakotaka.

Mwaka jana mwezi wa pili niliweka video nimesimama mtaa wa Via Veneto mbele ya Westin Excelsior, hoteli ya Marriott, na yunifomu yangu, nikasema "kazi yangu ya hoteli hapa Roma". Rudini mkasikilize. Sikusema hoteli hii. Lakini ile picha ya mbele ya video niliichagua mwenyewe, jengo lote limeonekana na meno yangu yote, na nilijua mtaelewa nini. Hapo nakubali kosa. Nilikuwa napita kwenda kupanda basi, jua lilikuwa zuri, basi.

Ninakofanya kazi mimi ni jengo la ghorofa 4 karibu na Termini, stesheni kuu ya treni. Mlangoni pana jina la kampuni ambayo siitaji, si Marriott wala hao mliowasikia kwenye habari. Na hao wa mlangoni pia si waajiri wangu. Mimi nimeajiriwa na kampuni ya usafi yenye mkataba nao. Na jengo lenyewe si la hao wa mlangoni, wamelikodi kwa mtu. Yaani ukihesabu kuanzia mimi na ndoo yangu hadi mwenye jengo, ni watu wanne, na wa nne sijawahi kumwona. Shikeni hapo, kwa sababu bila hilo habari ya Novemba haieleweki.

Marriott haijaondoka Roma. Iko na hoteli zake: St. Regis ipo, W ipo, Edition ipo, na hiyo Westin ya picha yangu ipo. Walioanguka wanaitwa Sonder. Walianzia Montreal kule Kanada, baadaye makao makuu yakawa San Francisco, na walikuwa na vyumba miji mingi ya Ulaya, Roma ikiwemo. Mgeni analipa kwenye simu, anatumiwa nambari za kufungulia mlango, anaingia, analala, anatoka. Hakuna mtu wa mapokezi. Ukitaka taulo ya pili unaandika ujumbe.

Sasa biashara yao ilikuwaje? Fikirini tuktuk pale kwetu. Yuko mwenye tuktuk yake, na yuko anayeikodi kwa siku. Anayekodi, abiria wawepo wasiwepo, mvua inyeshe, jioni mwenyewe anataka pesa yake. Sonder walikuwa wakodi tuktuk. Walikodi majengo kwa miaka mingi, wakatia vitanda vizuri na picha ukutani, wakauza usiku mmoja mmoja. Bei ya chumba inapanda na kushuka, kodi ya jengo haijui Januari. Januari 2022 walipoingia soko la hisa la Nasdaq walikuwa wamepigiwa thamani ya karibu dola bilioni 1.9. Faida ndiyo haikuja.

Agosti 2024 wakatangaza mkataba na Marriott, vyumba zaidi ya 9,000. Hapa ndipo mnapokosea wengi kwenye komenti. Marriott haikuinunua Sonder. Iliwapa jina na njia ya kuuzia vyumba, nao walipie. Ni kama kuandika jina la kampuni kubwa ubavuni mwa tuktuk ya kukodi: abiria wanaongezeka, lakini jioni mwenye tuktuk bado yuko pale pale na mkono wake.

Jumapili, tarehe 9 Novemba 2025, Marriott wakasema mkataba umekwisha kwa sababu Sonder wameshindwa kutimiza masharti. Kesho yake Sonder wakatangaza wanafunga mara moja. Wao walisema kuunganisha mitambo yao na ya Marriott kulichelewa na kukawala pesa nyingi. Kila mmoja na lake. Kule Marekani wakaingia kwenye ufilisi wa sura ya 7, ule ambao hakuna kujipanga upya. Vilivyopo vinauzwa, wanaodai wanagawana. Wageni waliokuwa ndani wakaambiwa wafungashe, wengine walipewa mpaka asubuhi tu. Waliolipia kupitia Marriott, Marriott wenyewe walisema watawafuata kuwasaidia; waliolipia kwenye tovuti nyingine wakaambiwa waende kule kule walikolipia, au benki ya kadi zao.

Na kinachoniuma, mji ulikuwa umejaa! Mwaka wa Jubilei ya Wakatoliki. Mlango Mtakatifu pale Mtakatifu Petro ulifunguliwa na Papa Francis mkesha wa Krismasi 2024, ukaja kufungwa na Papa Leo tarehe 6 Januari 2026. Katikati hapo mimi kwenye basi nilikuwa nasimama kama muwa kwenye mzigo. Kwa hiyo yule anayeandika "watalii wameikimbia Ulaya ndiyo maana hoteli zinafungwa," ndugu yangu, njoo usimame Termini dakika 5.

Sisi habari ilitukuta kwenye chumba cha mashuka. Msimamizi anasoma simu, mwenzangu mmoja wa Peru akauliza, "Na sisi?" Msimamizi akasema sisi haituhusu, wale ni wengine. Wiki mbili baadaye kampuni yetu ya usafi ikatuambia imepoteza majengo kadhaa, na masaa yanapungua. Yapi, kwa nini, hatukuambiwa. Mimi mkataba wangu umeandikwa masaa 20 kwa wiki, nilikuwa nafanya 35, hayo ya juu yanalipwa siku ikipenda. Sasa nafanya 20 kweli kweli. Ya Oktoba, yale ya juu, hadi leo sijayaona. Nikiuliza naambiwa niwaulize wa jengo. Wa jengo wanasema mimi si mfanyakazi wao. Na ni kweli, si mfanyakazi wao!

Sasa nitoke nje kidogo ya mada, mniwie radhi. Mama yangu alifanya kazi ya kufua kwenye hoteli ya Mwitaliano mmoja Malindi, zamani, sisi wadogo. Asubuhi moja akaenda akakuta geti lina kufuli, askari ndiye anayewapa habari. Wamalindi mnazijua hizo asubuhi. Lakini yule mwenye hoteli tulimjua nyumba yake. Mama akachukua mkeka na chupa ya chai, akaenda kukaa mlangoni kwake. Siku tatu. Ya tatu akatoka akamlipa nusu, na nyingine akamalizia kabla ya Pasaka, kwa aibu tu. Wiki jana kwenye simu ananiambia, "Si ukakae mlangoni kwake?" Nikamwambia mama, kwa nani? Kampuni ya usafi ofisi yake ni nambari ya WhatsApp. Akanyamaza, kisha akaniuliza kama nakula.

Nyie mnaosema nalalamika, subirini, sijafika kwenye makaratasi.

Permesso yangu, kile kibali cha kuishi, inaisha muda. Mwajua unaanzia posta na bahasha yao, sitarudia, video ipo, ile ya komenti 10. Kwa kibali cha mwaka mmoja hadi miwili ni euro 50 za mchango, 30.46 za kadi yenyewe, stempu ya 16, na 30 za posta. Jumla 126.46. Pigeni kwa 150 muone, ni karibu shilingi 19,000 za Kenya kabla hujala chapati. Sawa, nimelipa. Shida ni kwamba wanataka kuona kipato, na kipato ni zile karatasi za mshahara, busta paga, ambazo zangu sasa zinasoma masaa 20. Wanataka na anuani iliyosajiliwa, na mwenye nyumba yetu hataki kutusajili sote, anasema tuko wengi. Tuko wengi kwa sababu amepangisha kitanda kimoja kimoja! Mimi nalipa 320 kwa kitanda. Huku Torre Maura ni mbali, ingawa treni ya Metro C inafika mpaka Colosseo tangu Desemba 2025, hilo nashukuru, inanipunguzia basi moja.

Kuna mjomba, simtaji, aliandika kwenye kundi la familia: "Mgeni analipa usiku mmoja mshahara wako wa wiki, uombe nyongeza." Mjomba, kodi ya jiji peke yake, ile ambayo hoteli inaikusanyia manispaa, kwa nyota 4 ni euro 7.50 kwa kila mtu kila usiku. Hiyo ndiyo saa yangu moja, mkononi. Nikikunja shuka za wawili nimesimama kwenye masaa yangu mawili, na hiyo ni kodi tu, chumba hujakigusa. Hesabu naijua. Wa kumwomba nyongeza ndiye simwoni.

Haya, wale mlio huku, hili nalisema kwa yaliyonikuta mimi, mtu asije kuniambia dada ulituambia. Nenda chama cha wafanyakazi wakusomee karatasi zako. Mimi ndivyo nilivyofanya, na nimejua vitu ambavyo miaka mitatu sikuvijua. Ukiachishwa kazi kuna malipo yanaitwa NASpI, unatakiwa uwe umechangiwa wiki 13 ndani ya miaka 4, na una siku 68 za kuomba, zikipita zimepita. Kuna TFR, akiba ya kuondokea kazini, hiyo ni yako hata kampuni ikununie. Na kupoteza kazi si kupoteza permesso siku hiyo hiyo. Unajiandikisha ofisi ya ajira, na kuna kibali cha kusubiri kazi, si chini ya mwaka mmoja. Hilo la mwisho lilinipa usingizi. Lakini kibali cha kila mtu kina mambo yake, wa mwanafunzi si wa kazi, wa familia si wa msimu, usichukue wangu ukavaa wewe.

Wale mlio nyumbani, "nije nisije?" Sijui la kuwaambia, na nikisema msije mtasema nimefunga mlango nyuma yangu. Najua hivi: serikali ya huku imepanga nafasi 497,550 za wafanyakazi wa nje kwa miaka 2026 hadi 2028, na hoteli zimo kwenye za msimu. Anayeomba ni mwajiri. Si wewe, si kijana wa bichi anayemjua Mwitaliano, si ofisi iliyofunguliwa juzi Mtwapa. Mtu akikuuzia karatasi ya mwajiri, muulize huyo mwajiri ni yupi kati ya wale wanne wangu.

Na kazi zenyewe hazijaisha, zimehama. Novemba hiyo hiyo ya 2025 mahakama yao ya juu ya mambo ya serikali ilirudisha agizo kwamba mwenye kupangisha lazima auone uso wa mgeni na kuulinganisha na kitambulisho, kumtumia nambari za mlango peke yake haitoshi. Kwa hiyo baadhi ya yale majengo yasiyo na mapokezi sasa yanatafuta mtu wa kusimama mlangoni na kuangalia pasipoti. Mwenzangu yule wa Peru ameshapata, analipwa kwa kila mgeni, ndege ikichelewa anasubiri kwenye baridi bure. Amenisemea na mimi. Kiitaliano changu cha ufukweni, kile mlichokuwa mnakicheka, ndicho nilichoulizwa kwanza.

Yule wa mtaa wetu, komenti yako sijaifuta na sitaifuta. Ila ile picha ya Via Veneto nimeibadilisha, nimeweka ndoo.

Kesho saa mbili asubuhi nina miadi ya alama za vidole za permesso. Karatasi inasema saa mbili, ina maana saa sita. Ndani hawaruhusu kamera, lakini foleni ya nje nitawaonyesha, kama simu haijazima. Huyo anayekohoa ameamka, wacha nizime taa.