Kutengeneza Mvinyo wa Asali Katika Joto la Tanga

Ndugu mtazamaji, karibu katika chumba chetu kidogo cha kutengenezea mvinyo wa asali, hapa Tanga mjini. Huenda umewahi kuonja wanzuki, kinywaji cha asali kinachonywewa baada ya siku chache kingali kinatoa povu. Mvinyo wa leo una asili hiyohiyo, ila wenyewe husubiriwa kwa miezi, na adui yake mkubwa hapa pwani ni joto.

Tuanze na asali, ambayo sisi tumeipata Handeni. Ipime lita moja kwenye mizani: asali iliyokomaa huwa na uzito wa takriban kilo 1.4, na ikipungua sana hapo ujue ina maji mengi. Jaribio la kuchovya njiti ya kiberiti katika asali na kuiwasha waachie wanaolipenda. Kisha inuse, kwa sababu asali iliyorinwa kwa moshi mwingi hubaki na harufu hiyo, na mvinyo hautaificha.

Osha ndoo yenye mfuniko, mwiko na mipira yote ya kupitishia gesi na mvinyo kwa maji yenye jiki kidogo, kisha suuza vizuri kwa maji yaliyochemshwa.

Mimina kilo 1.5 za asali ndani ya ndoo, uongeze maji yaliyochemshwa na kupozwa mpaka mchanganyiko wote ufike lita 4.5. Asali yenyewe usiichemshe, kwani manukato yake yatapotea na mvuke. Koroga kwa nguvu kwa dakika tano ili hewa iingie, kwa kuwa hamira huihitaji hewa hiyo mwanzoni. Ukitumbukiza haidromita, kipimo kinachoelea na kuonyesha uzito wa mchanganyiko ukilinganishwa na maji matupu (1.000), itasoma karibu 1.100.

Loweka gramu 5 za hamira ya mvinyo katika maji vuguvugu kwa dakika 15, kisha uimimine ndani ya ndoo. Asali ina sukari tele lakini naitrojeni yake ni haba, kwa hiyo hamira huweza kufa njaa katikati ya utamu. Ili kuilisha, tunachemsha kijiko kimoja cha chai cha hamira ya mkate na kuichanganya humo ikiwa imekwisha kufa na kupoa. Wengi husifia zabibu kavu kwa kazi hii, ingawa chakula zinachotoa ni kidogo. Funika ndoo, pitisha mpira mwembamba kwenye mfuniko, na ncha yake ya pili uizamishe katika chupa ya maji, ili gesi itoke na hewa isirudi.

Sasa tulia nami kidogo, maana hapa ndipo wengi wanapoharibu. Hamira hii hufanya kazi nzuri katika nyuzi 18 hadi 22, ilhali chumba cha Tanga mwezi wa Februari huweza kupita 30, na katika joto hilo hutoa vileo vikali vinavyochoma koo. Kuizungushia ndoo kitambaa kibichi husaidia kidogo tu, kwa sababu unyevu wa pwani hauruhusu maji kukauka haraka. Tunachofanya sisi ni kuiweka ndoo ndani ya beseni la maji na kutia humo chupa za barafu asubuhi na jioni, hasa katika wiki ya kwanza. Ukiweza, anza wakati wa kipupwe, kusi inapovuma, na barafu utaihitaji kwa uchache.

Baada ya wiki nne hivi, hamisha mvinyo kwa mpira hadi kwenye dumu safi la kioo, ukiacha mashapo chini, na ulijaze dumu karibu na shingo. Uache utulie miezi mitatu au zaidi. Usiutie kwenye chupa mpaka haidromita isome namba ileile mara mbili, wiki mbili zikiwa zimepita kati yake, kwani mvinyo unaoendelea kuchachuka hupasua chupa. Ikisoma 1.000, toa namba hiyo katika ile ya kwanza na uzidishe kwa 131: utapata kileo cha asilimia 13 hivi. Kwa kuuza, tafuta kwanza leseni ya vileo na alama ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania.

Chupa zetu huwa tunazihifadhi chini ya kitanda, upande wa ukuta usiopigwa na jua la mchana.