Jabali Moja, Kani Nne: Kuwafundisha Wasiosomea Fizikia

Wahadhiri, walimu wenzangu na wanafunzi,

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuwafundisha kani nne za msingi (uvutano, sumakuumeme, kani kali ya nyuklia na kani dhaifu) wanafunzi ambao fizikia si fani yao. Mazoea yetu ni kuchora ubaoni jedwali la majina manne, masafa na ukali wa kila kani. Wanafunzi hulinakili, hulikariri, na mtihani ukipita nalo hupita. Napendekeza jedwali hilo lisubiri hadi mwisho na somo lianze na jabali. Dodoma haina uhaba wa majabali ya granaiti, na ndani ya jabali moja kani zote nne zipo kazini.

Tuanze na swali: jabali lililoketi juu ya jingine linavutwa kuelekea katikati ya dunia, mbona halizami? Wengi watajibu kwamba jiwe la chini ni gumu. Ni kweli, ila ugumu wenyewe ndio unaohitaji kuelezwa, na hapa mwalimu asiwe na haraka. Jiwe ni gumu kwa sababu elektroni na viini vya atomu zake vimeshikamana kwa mvuto wa umeme, nazo elektroni, kwa kanuni za kwanta, yaani zile zinazotawala chembe ndogo sana, hukataa kusongamana kupita kiasi. Msuguano unaolizuia jabali lisiteleze, mkazo wa kamba ya kuvutia ndoo kisimani, hata msukumo wa kiti unachokalia, vyote hivyo ambavyo sekondari hufundishwa kana kwamba kila kimoja kina asili yake, ni sura za kani moja, ya sumakuumeme, yaani ya umeme na usumaku kwa pamoja. Mwanafunzi asiyeondoka na jingine ila hilo, hajapoteza kipindi chake.

Kisha chukua rula ya plastiki, isugue kwenye nywele kavu, isogeze karibu na vipande vidogo vya karatasi. Jaribio hili lifanyike kiangazi, maana hewa yetu ya Julai ni kavu na chaji hazivuji upesi. Wakati wa mvua linaweza kukuaibisha mbele ya darasa. Karatasi zinaporuka, waulize ni nani aliyeshindwa. Dunia nzima inazivuta chini, na rula moja imeishinda. Kati ya protoni mbili, chembe zenye chaji chanya za viini vya atomu, msukumano wa umeme unaupita uvutano kwa takriban mara 1 yenye sifuri 36 mbele yake. Tarakimu hiyo moja inatosha. Nyingine waachieni wanafizikia. Lakini lazima ifuatwe na maelezo ya kwa nini uvutano, mnyonge kiasi hicho, ndio unaotawala sayari na nyota: chaji chanya na hasi hufutana katika vitu vikubwa, ilhali masi haina kinyume chake, hivyo hujumlika tu.

Kani kali ya nyuklia haihitaji maneno mengi. Protoni 26 za kiini cha chuma zinasukumana vikali, na bado kiini hakisambaratiki, kwa kuwa ipo kani yenye nguvu zaidi inayozibana pamoja na nyutroni, chembe za kiini zisizo na chaji, kani ambayo masafa yake hayazidi sana upana wa kiini chenyewe.

Kani dhaifu ndiyo walimu wengi huirukia juu juu, kwa maoni yangu bila sababu. Katika granaiti, chembe za madini ya feldispa, mara nyingi zenye wekundu hafifu, zina potasiamu. Katika kila gramu moja ya potasiamu, atomu zipatazo 30 hubadilika kila sekunde, nyingi zikiwa kalisi na chache zikiwa gesi ya agoni, na mabadiliko hayo ni kazi ya kani dhaifu. Jiwe tulilodhani limetulia linabadilika tukiwa tumeliegemea. Kani hiyo hiyo huamua mwendo wa Jua: protoni mbili haziwezi kuungana kuanza safari ya kuwa heli, safari inayolipa Jua joto lake, isipokuwa mojawapo igeuke nyutroni, jambo linalotokea kwa nadra sana, na ndiyo maana Jua limewaka kwa miaka takriban bilioni 4.6 bila kumaliza akiba yake.

Baada ya hayo, jedwali liandikwe, na pembeni yake jina la Abdus Salam wa Pakistani, aliyetunukiwa Nobel mwaka 1979 pamoja na Sheldon Glashow na Steven Weinberg kwa nadharia inayounganisha kani dhaifu na sumakuumeme. Wanafunzi wetu wajue pia kwamba Salam alianzisha mwaka 1964, mjini Trieste, Italia, kituo cha fizikia ambacho kimewapokea Waafrika wengi.

Kwenye mtihani nisingeuliza “Taja kani nne za msingi.” Ningeweka picha ya jabali na kuuliza ni nini kingelitokea endapo kila kani, moja baada ya nyingine, ingezimwa.