Farasi Kafara kwenye f7: Ini la Kukaanga, Hatua kwa Hatua

Habari zenu wadau, karibuni tena kwenye meza ya chesi. Leo hatuchezi kwa adabu. Leo tunamtoa farasi kafara, yaani tunamwacha aliwe kwa makusudi, tena mapema, mpinzani hajamaliza hata kujiweka sawa kwenye kiti. Shambulio lenyewe linaitwa Ini la Kukaanga. Giulio Cesare Polerio, Mwitaliano, alikuwa analicheza miaka 400 hivi iliyopita, na mpaka leo kijiweni bado linaua watu.

Nitacheza na nyeupe. Kupanga kete sielezi, hiyo mnaijua. Nikitaja kisanduku kama f7, herufi ni safu ya wima, namba ni mstari wa mlalo kuhesabu kutoka upande wa nyeupe. Ngoja kwanza. Malkia mweusi kakaa e8, nani kapanga hii? Malkia anafuata rangi yake jamani, mweusi anakaa kisanduku cheusi, d8. Haya, mfalme arudi e8. Twende.

Askari e4, naye e5. Farasi f3, naye farasi c6. Askofu c4, naye farasi f6. Nimekwenda haraka kwa makusudi, hizo kila mtu anazicheza. Anayetaka polepole arudishe video nyuma.

Sasa farasi wetu wa f3 anaruka hadi g5. Kuna wajuzi watakuja kwenye maoni kuniambia kwamba kete moja haisogezwi mara mbili mwanzoni. Kweli, ni kanuni nzuri, wafundisheni watoto wenu. Lakini tazameni hapa, nasogeza kamera: farasi g5, askofu c4, wote wawili macho yako f7. Na f7 analindwa na nani? Mfalme peke yake. Malkia hamlindi, ngome haimlindi. Hapo ndipo tunapobomolea.

Mweusi anajibu askari d5, anamzibia askofu njia. Tunakula: e4 anakula d5. Na hapa mchezaji wa kawaida, asiyeijua hii, anafanya kitu ambacho kila mtu angekifanya: anakula kwa farasi. Farasi f6 anakula d5. Mkiona hivyo msitabasamu. Nasema kweli, msitabasamu, watu wanasoma nyuso.

Farasi anakula f7. Mweke taratibu, usimgongeshe mezani kama dhumna.

Huyo farasi ameshika malkia wa d8 na ngome ya h8 kwa mpigo mmoja. Wale mliolelewa na drafti mnajua kule kula ni lazima. Kwenye chesi kula si lazima, ila hapa mweusi hana ujanja. Asipokula, anapoteza malkia au ngome. Kwa hiyo mfalme anamla farasi. Mfalme yuko f7, tumetoa farasi, tumepata askari mmoja. Kwa hesabu ya duka tumepata hasara.

Malkia f3, cheki, yaani mfalme wake ametishiwa. Na si cheki tu, malkia anamwangalia pia farasi wa d5, ambaye askofu wetu alikuwa anamwangalia tangu zamani.

Sasa mfalme ana pa kwenda, na kila mahali pana dawa yake. Akirudi g8, amekwisha: askofu anakula d5 cheki, malkia wake anamla askofu, malkia wetu anamla malkia, cheki tena. Atazuia kwa askofu e6, tutamla huyo naye, na hiyo ni chekimeti, maana kete zake mwenyewe zimemzungushia ukuta. Akirudi e8, askofu anakula d5 na anatishia chekimeti kwenye f7 palepale. Mchezo wa kupendeza, ila mtu akijua anachokifanya harudi nyuma.

Anayejua anapanda e6. Mfalme katikati ya bodi, mchana kweupe, kumlinda farasi wake. Hapa...

Samahani, simu imeteleza. Hii stendi ni ya mwaka juzi. Mnaiona bodi? Sawa, sogea kidogo, kivuli cha mkono wangu kinafunika d5, na d5 ndiyo nataka muione. Hapo.

Narudia: mfalme mweusi e6, farasi mweusi d5, askofu wetu c4, malkia wetu f3. Sikilizeni vizuri kuliko mlivyosikiliza sehemu nyingine zote. MSIMLE farasi wa d5 sasa. Msimle! Mkono utawasha, najua, kuna cheki ndani yake, inaonekana tamu. Ukila kwa askofu, malkia wake anakula. Ukimla huyo malkia kwa malkia wako, mfalme anakula, kwa sababu yuko jirani, e6 na d5 zinagusana. Kila kitu kimebadilishwa, malkia wametoka, shambulio limekufa, na wewe umebaki na askari mmoja kwa kete nzima. Pale mfalme alipokuwa g8 tulikula kwa sababu alikuwa mbali na d5. Hapa yeye mwenyewe ni mlinzi. Hapo ndipo nilipopoteza mechi mbele ya watu wenye kahawa mikononi, na hawajasahau.

Hesabuni kwa vidole. Wanaomshambulia farasi wa d5: askofu, malkia. Wawili. Wanaomlinda: malkia wake, mfalme wake. Wawili. Wawili kwa wawili haitoshi. Kwa hiyo tunamleta wa tatu: farasi wa b1 anatoka c3. Hakuna cheki, hakuna kelele. Sasa ni watatu kwa wawili na mweusi ndiye mwenye shida.

Kafara inalipwa na kete inayofuata kuja vitani, hailipwi na cheki. Wengi wanatoa farasi halafu wanakimbiza mfalme kwa malkia peke yake bodi nzima, cheki, cheki, cheki, mpaka mfalme anapata pa kulala. Malkia mmoja hamalizi mtu. Mara ya mwisho nasema: mfalme akiwa e6, farasi c3, usimle wa d5.

Mweusi lazima aongeze mlinzi, na anaye mmoja tu wa maana, farasi wa c6. Akimpeleka e7, sisi askari d4. Akila hiyo d4 kwa askari wake wa e5, safu ya e imefunguka mbele ya pua ya mfalme, malkia anakuja e4, cheki, na hapo ndipo raha inapoanza. Asipokula, askofu wa c1 anatoka g5, anambana yule farasi wa e7, maana nyuma yake kuna malkia. Mfalme wetu tunamficha upande wa malkia, kwa ile hatua moja ambayo mfalme na ngome husogea pamoja, ngome inaangukia d1, safu ileile ya farasi wa d5. Mimi napenda upande huo. Wengine wanamficha upande mfupi, hiyo shauri yao.

Akimpeleka b4, hapo pana mtego, kaeni macho. Farasi wa b4 anataka c2: atakula kwa cheki na kuishika ngome ya a1. Jibu langu ni malkia e4. Anailinda c2, anaikalia shingoni e5, na d4 inafuata. Hiyo ya b4 ndiyo kinga ngumu kuliko ya e7, lakini sijakutana na wengi wanaoiona wakiwa na dakika 5 tu kwenye saa.

Mtaniuliza, je, kafara hii ni halali kabisa au ni kamari? Kompyuta zinaupendelea upande wetu, na wapo wanaotanguliza askari d4 kabla ya kutoa farasi, ni njia nzuri pia, ila haina pilipili. Na hata kama ingekuwa na matundu, mnamjua Mikhail Tal wa Riga? Mwaka 1960 alimvua Botvinnik ubingwa wa dunia akiwa na miaka 23. Baadhi ya kafara zake watu walikuja kuzichambua baadaye wakakuta mashimo. Aliyekaa mbele yake, saa ikienda, hakuyaona. Sisi tunacheza na mtu mwenye kikombe mkononi na simu inayoita, tusijitie ugumu.

Mambo mawili haraka, maana betri inasema asilimia 9. La kwanza: baada ya sisi kula d5, mpinzani asipokula kwa farasi, akamsogeza farasi wa c6 kwenda a5 kumfukuza askofu, hakuna Ini. Usitoe kafara kwa hasira. Askofu b5 cheki, azuie kwa askari c6, badilishaneni askari, mrudishe askofu nyuma. Umepata askari mmoja, yeye amepata kasi ya kutoa kete zake. Mchezo unaendelea kistaarabu.

La pili: baada ya farasi g5, mtu akipuuza kila kitu akatoa askofu c5, shtuka. Huyo ameiacha f7 kwa makusudi. Ni mchezo wa kasisi Mcheki, Karel Traxler, mwaka 1890: ukila f7 kwa farasi, yeye anakula f2 kwa askofu, na sasa ni mfalme wako anayekimbia. Kula f7 kwa askofu badala yake, cheki, mfalme apande e7, umrudishe askofu b3. Askari mkononi, usingizi mzuri.

Hii bodi mnayoiona ni ya kukunja, inaingia kwenye begi la shule, kete zina uzito chini hazidondoki ovyo. Ninauza. Ipo ya kijani na ya kahawia. Za buluu zimeisha, msiniandikie za buluu. Weka rangi yako kwenye maoni na mji ulipo nikupe bei ya kusafirisha, na anayetaka farasi wa akiba pia wapo, maana farasi ndio wanaopotea kwanza.