Ile kozi ya kuandika unaweza kuiruka, lakini ngoja kwanza

Wazazi hamjambo, vijana mko sawa? Jua la Kisumu saa nane mnalijua na hiyo feni imegoma, kwa hivyo sitawaweka sana.

Kuna wengi hapa wanaenda kusoma Marekani mwezi wa nane na swali nimeulizwa hata kabla sijashuka kwa boda ni, ati naweza kufanya mtihani niepe ile kozi ya kuandika ya mwaka wa kwanza? Ndio, unaweza. Kuna mtihani unaitwa CLEP, wa College Board, wale wale wa SAT, na ule wao wa College Composition una maswali 50 ya kuchagua jibu halafu insha mbili, ya kwanza dakika 30 unatoa hoja zako mwenyewe, ya pili dakika 40 unapewa maandishi mawili uyasome uyatumie na uonyeshe umetoa wapi. Alama ni 20 mpaka 80, vyuo vingi vinataka 50. Sasa wewe uliyeandika insha tatu za KCSE pepa ya tatu kwa masaa mawili na nusu, hapo utashtuka nini? Mimi niliufanya nikishafika huko na nikapita. AP, ile mitihani yao mingine ya sekondari, achaneni nayo, hiyo ni ya waliosoma mfumo wao.

Shida ya kwanza ni hesabu. Chuo kimoja ukipita kinakupea kredit, yaani zile pointi za kuhesabia digrii, kingine kinakwambia tu hii kozi usiifanye, kredit hakuna, so unatafuta kozi nyingine ya kujaza hilo pengo na unailipia. Andikia ofisi ya masjala imeil kabla hujalipia mtihani, na uliza kama wanakubali pia ule unaitwa College Composition Modular, toleo lingine la mtihani huo, manake sio wote wanaukubali.

Shida ya pili hakuna mtu aliniambia. Nilipita nikaringa. Mwaka wa tatu kozi ya historia, pepa ya kurasa 12, profesa anataka drafti ya kwanza, arudishe, umpe ya pili. Sasa mimi tangu darasa la nne insha ni kitu unaandika mara moja, msimamizi anasema kalamu chini, imeisha, unaenda kula. Nilirekebisha spelling, nikahamisha koma mbili tatu, nikarudisha. Akaniita akaniuliza drafti ya pili iko wapi! Wenzangu waliokaa kwa ile kozi walikuwa wamezoea kutupa ukurasa mzima na kuanza upya bila kulia, mimi ukurasa wangu nilikuwa nauona kama mtoto wangu.

Na cha kuchekesha, hiyo kozi yenyewe ilizaliwa na mtihani. Harvard miaka ya 1870 walianza kuwaandikisha insha vijana wanaotaka kuingia, wakaona kazi yenyewe ni aibu, ndio 1885 wakaweka kozi ya lazima mwaka wa kwanza na vyuo vingine vikafuata. Leo mtihani ndio unakutoa. Hapa kwetu angalau hatudanganyani, uje na A ya Kingereza, ile yuniti ya mawasiliano ya chuo kikuu utaketi tu na wenzako mia tatu.

Mama hapo nyuma anauliza, na kama karo ni shida? Mama, kama karo ni shida mtoto afanye mtihani, sitakudanganya. Lakini kabla aende achukue insha yake moja ya Form Four aiandike upya yote. Akimaliza na kilichobadilika ni spelling pekee, afadhali hiyo pesa itafutwe aketi darasani.

Eeh, kijana? Unaweza kupita na bado usome hiyo kozi? Unaweza, lakini uliza kwanza, kuna vyuo ukishafanya kozi yenyewe wanafuta ile kredit ya mtihani, haulipwi mara mbili, na ada ya mtihani hairudi. Haya, wewe wa shati la kijani.